Maharage Yanayomsubiri Mgeni Rasmi

2 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kunicheka usoni. Jioni nikienda kufungia kuku, huwa nawahutubia. Nasimama kwenye mlango wa banda, naweka mkono mmoja nyuma, nasema, "Ndugu wananchi." Kuku hawaondoki, kwa sababu nimeziba mlango.

Sasa salamu, ambazo najua zilipaswa kutangulia. Sisi hatujambo. Baba mgongo humsumbua akitakiwa kubeba kitu, wakati mwingine wote ni mzima. Mdogo wangu Kijiko ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi bila kukusudia. Mama yuko salama. Tangu akinamama wa kikundi wamchague, hapa nyumbani anaitwa Mwenyekiti. Baba alianza kumwita hivyo kwa utani, lakini jina limekaa. Anauliza kama mkataba wako wa kazi si ndio unaisha mwezi ujao. Anauliza pia unakula nini huko mjini, maana kwenye picha uliyotuma shingo imerefuka.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa nasema "ndiyo" na "sawa" mpaka salio linakwisha.

Jambo lenyewe ni hili. Unaikumbuka hotuba aliyoisoma mama siku mradi wenu wa kuwainua wanawake wakulima ulipokipokea kikundi chetu? Ile iliyomfanya mkuu wako atoe leso? Niliiandika mimi. Sasa ofisi yenu imeleta ujumbe kwamba mgeni rasmi atakuja kuzindua mavuno ya maharage, na mama anataka hotuba nyingine. Nimeshaianza. Shida ni kwamba maharage yameiva. Majani yamepukutika, maganda yamekauka na yanagongana upepo ukipita. Ujumbe unasema tusing'oe hata shina moja mpaka mgeni afike, kwa kuwa yeye ndiye atakayeng'oa la kwanza mbele ya kamera. Hausemi atafika lini.

Mama anasema labda ni suala la siku chache. Baba anasema amelima tangu ujana wake na hajawahi kuona maharage yanayosubiri mwaliko.

Naomba tarehe, niiandike juu ya hotuba.

Mwanao,
Profesa (nasaini hivi kwa kuwa ninyi wote mnaniita hivyo, si kwamba nimekubali)


10 Juni

Mwanangu Profesa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wetu, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kuku. Siri yako iko salama. Nami nikupe yangu: ujumbe ule wa kuwakataza kuvuna niliuchapa mimi. Kazi yangu hapa ni kupanga safari za wageni, na mgeni akisema anataka kuona maharage yamesimama, mimi ndiye ninayeyaambia maharage yasimame.

Msalimie dada, umwambie shingo ni ile ile, ila kamera ilikuwa chini. Chumba changu ni kile kile chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Nimeuzoea ukuta huo, hauna maswali. Kula nakula. Ofisini kila kikao kina chai na biskuti, na idara yetu ya uhakika wa chakula ndiyo yenye vikao vingi kuliko zote. Kijiko mwambie afunge mdomo kwenye vumbi.

Habari za tarehe. Mgeni rasmi alikuwa aje wiki ijayo. Sasa amealikwa kwenye mkutano nje ya nchi, wa kujadili njaa, na mkutano huo una milo mitatu kwa siku na matembezi ya jioni. Ziara imesogezwa mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo msivune. Hayo nayaandika kama ofisi. Kama mama yako mdogo, nauliza tu: mawingu vipi huko?

Barua zetu atazibeba dereva huyu kila akija huko na gari la mradi. Ni kijana mwema, ana macho makali mno. Anaweza kusoma kibao kikiwa bado mbali, na karatasi ikiwa bado ndani ya bahasha. Kumbuka hilo unapoandika.

Mama yako mdogo


20 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Hatujambo sote, na tunatumaini nawe hujambo. Nimefurahi kusikia kwamba dereva ana macho makali, maana barabara yetu ina mashimo. Nilimsomea mama sehemu hiyo, akacheka mpaka akakaa chini, sijui kwa nini.

Mawingu uliyoyauliza yapo. Yanakuja mchana, yanasimama juu ya bonde, halafu yanaondoka kama watu waliokuja kuulizia bei. Baba anasema mvua hii si ya msimu wake, lakini haionekani kama inajua hilo.

Nyumbani akiba ya maharage ya mwaka jana imekwisha. Tunanunua dukani. Mimi ndiye ninayetumwa, na njia ya kurudi inapita kando ya shamba la kikundi, kwa hiyo kila mara napita na kifuko cha maharage ya dukani mbele ya maharage yetu. Kuna siku nilikihamishia kifuko mkono wa pili, ule usioelekea shambani.

Kikundi kilikaa kikao sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa nafanya hesabu za shule kwenye kona, au tuseme nilikuwa nimeshika kalamu. Mama Mizani, yule mwekahazina anayelaza mizani ya kikundi chini ya kitanda chake, ndiye aliyeanza.

"Tukivuna bila mgeni, pampu ya maji tuisahau," alisema. "Wametuahidi wenyewe. Mgeni azindue, pampu ije."

"Na mvua ikitangulia mgeni?" mama akauliza.

"Tuiandikie nayo barua isubiri," mmoja akajibu kutoka nyuma.

"Wewe cheka," Mama Mizani akasema. "Mwaka juzi tulikuwa vibarua kwenye mashamba ya watu, tunainama jua zima ili tupewe kopo la mahindi. Mimi huko sirudi."

"Yakiozea shambani utarudi huko huko, shoga yangu, na fulana ya mradi umevaa," yule wa nyuma akamrudishia.

Hapo walicheka wote, hata Mama Mizani, lakini hawakuamua kitu. Walipoondoka mama alibaki anakunja mkeka huku anaukunjua tena. Nilimuuliza kama ana hofu. Akasema maharage yale ndiyo chakula chetu mpaka msimu mwingine, na ndiyo mbegu ya msimu huo mwingine, na yakilowa yakiwa makavu yataota ndani ya maganda na hayatafaa kwa chochote. Halafu akaniuliza kama hotuba imekwisha.

Hotuba imekwisha, isipokuwa sentensi moja. Ofisi yenu iliagiza tuseme, "Maghala yetu sasa yamejaa." Niliiandika, kisha nikaenda kulitazama ghala. Lina jembe lililovunjika mpini na kuku mmoja anayeatamia. Je, niandike sentensi hiyo au niiache?

Mama anauliza tena juu ya mkataba wako. Hukumjibu.

Mwanao,
Profesa


28 Juni

Mwanangu,

Nawasalimu wote. Mimi ni mzima, mafua kidogo, yanatokana na kiyoyozi cha chumba cha mikutano, ambacho hakizimwi kwa sababu hakuna anayejua rimoti ilipo.

Mgeni rasmi amerudi kutoka kwenye mkutano wa njaa, lakini tumbo limemsumbua na daktari amempa mapumziko. Ziara imesogezwa tena. Mkuu wangu amesema nisisitize: lazima aone maharage yamesimama, la sivyo hakuna uzinduzi, na bila uzinduzi hakuna kitu. Hakufafanua ni kitu gani, na mimi sikuuliza.

Sentensi ya ghala iandike. Mambo mengine huandikwa kabla hayajawa kweli, ndiyo maana yakaitwa mipango.

Sasa nina swali, na nataka unijibu kwa makini kama unavyojibu mtihani. Gari la mgeni litasimama barabarani, pale kwenye bango la mradi. Yeye mwenyewe hataingia shambani, ana viatu. Je, mtu akisimama pale kwenye bango anaona shamba zima, au anaona mstari wa mbele tu? Nauliza kwa ajili ya mpiga picha. Ningependa pia dada aisome barua hii mwenyewe, kwa utulivu, akiwa amekaa.

Mama yako mdogo


6 Julai

Mpendwa Mama Mdogo,

Pole kwa mafua. Sisi wazima, Kijiko jino jipya limechungulia.

Nilikwenda kusimama kwenye bango kama ulivyoagiza. Bango lenyewe ni kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu na linaficha upande wa kushoto. Upande wa kulia, kwa kuwa shamba linateremka kuelekea bondeni, mtu anaona mstari wa maharage ulio kando ya barabara, halafu anaona mbingu. Niliinama, nikasimama kwa vidole, nikasimama kama mtu mrefu kwa kupanda jiwe. Ni mstari wa mbele tu. Nilichora na ramani nikuambatishie.

Kisha nikampa mama barua yako. Aliisoma akiwa amekaa. Aliirudia mara ya pili, akainuka, akafunga kitenge kiunoni.

"Mama yako mdogo amesema tuvune," akasema.

Nilimwambia hakuna mahali uliposema hivyo. Nilimwonyesha barua, nikamwonyesha na ile ya kwanza yenye neno "msivune."

"Profesa," akasema, "maneno umeyasoma vizuri sana. Sasa msome aliyeyaandika."

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, Mama Mdogo. Nikairudia barua yako, nikaona ulivyokuwa umesimama nyuma ya kila sentensi unanipungia mkono. Nikayakumbuka na macho ya dereva, nikaona haya kwa kuwa nilikuwa nimeyafurahia kwa sababu ya mashimo.

Kwa hiyo naandika, kwa kila atakayesoma, kwamba hatukuvuna. Hatukuvuna kuanzia bondeni kuja juu, kama ilivyo desturi ya kikundi, kwa sababu chini kuna kivuli asubuhi. Akinamama wote walifika kutovuna, na mimi nilijiunga nilipotoka shule. Baba naye hakuvuna. Alilalamika sana mgongo ulivyomuuma kwa kutobeba magunia. Tulipofika mstari wa barabarani tuliuacha umesimama kama ulivyo, na hatukupura yale mengine kwenye uwanja wa Mama Mizani, kwa fimbo, huku akinamama wakishindana nani hajui kupura kuliko mwenzake.

Kesho yake mvua ilinyesha. Ilinyesha kama mtu aliyekuwa amebanwa. Mama alisimama mlangoni akaitazama, halafu akaenda kulala mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Nimemkabidhi dereva kifuko chako. Ni maharage ya zamani.

Sentensi ya ghala nimeiacha kama ilivyo. Nimekwenda kulitazama tena. Kuku amehamishwa.

Mwanao,
Profesa


15 Julai

Mwanangu,

Kifuko nimekipokea, na maharage ya zamani yaliiva upesi sana kwa umri wao. Niliyapikia kwenye jiko la korido, na korido nzima ikafungua milango. Yaliyobaki niliyabeba ofisini kwa chakula cha mchana. Mkuu wangu alipita, akasimama, akavuta kiti. Alikula bakuli mbili. Akapangusa mdomo, akasema sasa ndiyo ana hamu zaidi ya kuona mavuno ya mradi yatakapoanza. Nilimwambia hata mimi.

Mgeni rasmi amepona. Atakuja tarehe ishirini na nne, na safari hii naamini. Nitakuwemo kwenye msafara, dada aniwekee kiti. Mstari wa mbele uchungeni kama mboni ya jicho.

Dada ameuliza habari za mkataba. [aya iliyokatwa kwa kalamu]                                        Nimeandika hapo, nimekata. Tutaongea nikija.

Hotuba iwe fupi. Sikuiona, lakini najua nani ameiandika.

Mama yako mdogo


26 Julai

Mpendwa Mama Mdogo,

Hukuja. Tulikuwekea kiti, chenye kitambaa, na mpiga picha akakikalia. Dereva alisema gari lilijaa. Sikuuliza lilijaa nini, maana waliposhuka niliona viti viwili vina maboksi ya chupa za maji. Mama alilitazama gari mpaka mlango ulipofungwa, kisha akaurekebisha uso.

Ile aya uliyoikata niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nisamehe. Nilisoma maneno mawili tu, "uzinduzi usipofanyika," na kalamu yako ilikuwa imepita hapo mara nyingi kuliko mahali pengine. Nilimwambia mama. Akasema, "Basi utafanyika." Tangu saa hiyo uzinduzi haukuwa tena wa pampu.

Sasa nikueleze siku yenyewe, kwa kuwa hukuiona. Dereva akiisoma hakuna neno, maana utaona kwamba naye sasa ni mwenzetu.

Siku moja kabla, mbuzi wa jirani walikata kamba. Hawakuingia bondeni ambako kulikuwa kutupu, walikuja moja kwa moja kwenye mstari wa barabarani, wakaula kuanzia kwenye bango mpaka mwisho. Waliacha vishina vifupi na kinyesi. Kijiko ndiye aliyeleta habari, kwa mluzi.

Mama Mizani alishika kichwa. "Tumekwisha. Mgeni atang'oa nini, nywele zake?"

"Mashina tuliyopura yako wapi?" mama akauliza.

"Yako uwanjani kwangu, lundo zima. Ya kulishia mbuzi."

"Mbuzi wameshakula," mama akasema. "Yalete."

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne, kabla sijaenda shule, ambako sikwenda, tulikuwa barabarani tunachomeka mashina makavu ardhini, moja moja, tunayakandamiza kwa kisigino. Maganda yalikuwa bado yananing'inia, yamepasuka na hayana kitu, lakini kwa mbali yalipendeza. Baba alisimama kwenye bango kama mgeni rasmi, tumbo mbele, akawa anaelekeza: "Lile limelewa. Linyoosheni." Sijamwona baba akifurahia kazi namna ile.

Shida ilikuwa upepo. Ulianza wageni walipokuwa wanashuka garini. Shina la kwanza lililala taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani au msikitini, na la pili likalifuata. Akinamama wakajipanga nyuma ya mstari, wamesimama karibu karibu, kila mmoja anashikilia mashina mawili matatu kwa nyuma ya miguu na pindo la kitenge. Kutoka barabarani walionekana watu wenye heshima sana, hawasogei hata kidogo. Dereva aliona. Macho yale yaliona kila kitu. Alikwenda akaliegesha gari upande upepo unakotoka.

Ikafika zamu ya hotuba ya Mwenyekiti. Mama alikuwa ameshikilia mashina manne.

"Soma wewe," akaniambia bila kufungua meno.

"Mimi siwezi."

"Kuku wanakuelewa. Nimekusikia mwaka mzima. Nenda."

Kwa hiyo siri yangu ya kwanza haikuwa siri. Nilikwenda. Niliweka mkono mmoja nyuma, kama bandani. Nikasema, "Ndugu wananchi," sauti ikatoka ndogo, nikairudia ikatoka kubwa. Nilisema maghala yetu sasa yamejaa. Nilisema wanawake hawa walikuwa vibarua kwenye mashamba ya watu na sasa wanakula walichopanda. Nilisema, "Mheshimiwa, haya unayoyaona yamesimama mbele yako, wameyasimamisha wenyewe kwa mikono yao, na hata sasa hawajaacha kuyashikilia." Mkuu wako akatoa leso. Nilitafuta sentensi moja ya uongo katika hotuba nzima sikuipata, na hilo ndilo lililonitisha. Watu walisikiliza mpaka mwisho, ingawa safari hii sikuwa nimeziba mlango.

Mgeni rasmi akavuka mtaro kwa msaada wa watu wawili, akainama, akang'oa shina la mama. Lilitoka kwa vidole viwili.

"Udongo wenu laini kweli," akasema, na watu wakapiga makofi.

Halafu akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Alichuma ganda, akalifungua. Lilikuwa tupu. Alilitazama, akalitazama la pili. Mkuu wako akaacha kupiga makofi. Niliona jasho linamtoka Mama Mizani juu ya mdomo.

"Hamna kitu humu," mgeni akasema.

"Hilo limewahi kuzaa, mheshimiwa," mama akajibu. "Mbegu mliyotuletea ninyi ni ya haraka sana."

Mgeni aliwaza. Kisha akageukia kamera akasema kwamba hiyo ndiyo faida ya mbegu bora, haimsubiri mtu. Mama aliinamisha kichwa kwa adabu. Nadhani aliinamisha kwa adabu.

Mpiga picha akataka akinamama waendelee kuvuna. Wakavuna. Waling'oa kwa nguvu zote, wengine wakaguna, mashina waliyoyachomeka asubuhi ile ile. Magari yalipoondoka hapakuwa na kitu shambani. Walipungia mikono mpaka vumbi likatua, ndipo wakaanza kucheka, na hawakuweza kuacha.

Pampu ililetwa kesho yake.

Niambie sasa yale uliyokata.

Mwanao,
Profesa


9 Agosti

Mwanangu,

Nimesoma barua yako chooni, kwa sababu ndiko ambako hakuna vikao, na mwenzangu aligonga kuuliza kama naumwa.

Nilichokata kilikuwa hiki: uzinduzi usipofanyika, mkataba unaisha na mimi narudi nyumbani kuwa mdomo mmoja zaidi kwenye chungu cha dada. Niliandika, nikaona kwamba nawaomba mchague kati ya maharage na mimi, nikakata. Siku ya safari mkuu alisema mtu mmoja ashuke kwa sababu ya maji ya kunywa. Nilishuka mimi. Mwambie dada kitambaa cha kiti akiweke, nitakikalia.

Mkataba umeongezwa. Nimepandishwa. Sasa naitwa Afisa wa Uzinduzi. Picha ya akinamama wakitokwa jasho imetundikwa ukutani mlangoni, na wageni huambiwa hiyo ndiyo sura ya uhakika wa chakula. Kila kikundi cha mradi sasa kitamsubiri mgeni kabla ya kuvuna, kwa kuwa kwenu utaratibu huo ulifana. Hilo ni tunda la hotuba yako na mpango wangu, na sijalala vizuri. Nimeanza kuwatumia viongozi wa vikundi hivyo swali moja kila mmoja, juu ya kinachoonekana kutoka barabarani. Majibu yanaanza kuja. Nchi nzima inateremka kuelekea bondeni.

Kuna jingine. Mgeni amependa. Sasa anataka azindue na kupanda. Mvua zikianza, msifukie hata mbegu moja mpaka iwafikie barua rasmi yenye tarehe. Barua rasmi kwa kawaida huchelewa. Hii nitaituma mimi mwenyewe.

Mama yako mdogo


2 Oktoba

Mpendwa Mama Mdogo,

Hatujambo. Kijiko jino limekamilika na mluzi umepotea, anasikitika. Baba mgongo umeanza kumuuma tangu mawingu yalipoonekana. Maharage yapo, tunakula yetu, na dukani nimesahaulika. Mbegu Mama Mizani amezichagua moja moja na kuzihifadhi chini ya kitanda, pamoja na mizani. Mama hajambo, anasema shingo yako ya picha mpya inaridhisha.

Pampu iko sebuleni kwetu ndani ya boksi lake. Ilikuja na karatasi inayosema isifunguliwe mpaka izinduliwe. Mama ameitandikia kitambaa na mimi naitumia kama meza ya kusomea. Ni meza nzuri.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia jana. Asubuhi dereva akapiga honi nje, akanipa bahasha yako nene yenye mhuri wa ofisi. Nyuma, kwa mwandiko wako mdogo, umeandika, "Isifunguliwe kabla ya kumaliza kupanda." Nilimuuliza dereva kama anajua kilichomo. Alisema siku hizi macho yamepungua, anafikiria kununua miwani.

Kwa hiyo sijaifungua, sijui umeniandikia nini, na siwezi kukujibu. Nakueleza tu nilichofanya.

Niliiweka bahasha juu ya boksi la pampu. Mama alipita akaviona vyote viwili vimefungwa, akasema tukimaliza shambani tutafungua kimoja baada ya kingine, tuanze na pampu. Nilivua sare ya shule nikavaa gauni la shamba. Nilimfuata Mama Mizani kumsaidia kubeba mbegu, nikachukua jembe lile lililovunjika, ambalo baba amelitia mpini mpya. Akinamama walikuwa wameshaanza kuteremka bondeni, kama ilivyo desturi. Niliwaita, "Tuanzie panapoonekana!" Sauti ilitoka kubwa mara ya kwanza. Wakageuka, wakarudi juu, na tukaanza kupanda mstari wa barabarani, mbele ya bango.

Mwanao,
Profesa